Firigisi ya Mtani

Riwaya ya upelelezi inayochekesha huku watu wakifa inahitaji mhusika mwenye ruhusa ya kuingia jikoni bila hodi. Mwandishi wa Kanyenye, Tabora, anaye tayari: mtani.

Kazi ya urafiki katika fani hii tulifundishwa na Muhammad Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wana damu ya Sherlock Holmes, na kando yake yupo Najum, na rafiki wa namna hiyo humpa msomaji mtu wa kukisia naye na kukosea naye. Mimi ningewaketisha wahusika wangu wote kwenye sinia.

Sinia ni fumbo gumu. Wote wanachota chungu kimoja, basi sumu itamfikaje mmoja tu? Adabu yenyewe inajibu: kila mtu hula mbele yake, kwa hiyo ubwabwa una mipaka kama mashamba. Njia iliyo bora zaidi ni firigisi. Kuku ana moja tu, na nyumba nyingi zinajua ni ya nani: ya mwenye nyumba. Muuaji akiitia sumu hiyo, ameshaandika jina la marehemu.

Hapo ndipo mtani anapoingia. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka Bagamoyo kwa maelfu wakipitia Tabora, na utani wao na Wazaramo mara nyingi huelezwa kuwa ulizaliwa kwenye misafara hiyo. Mtani ana haki ya kutukana na kunyakua chakula, na hakuna wa kumshitaki. Basi mtani wetu Mzaramo ananyakua firigisi ya mwenyeji wake Mnyamwezi, anaitafuna huku akimcheka, anakufa. Polisi watahangaika kutafuta adui zake, wala hana hata mmoja. Mpelelezi mwenye akili atauliza swali moja: hii nyama ilikuwa ya nani?

Jibu la fumbo ningeliweka msibani. Watani ndio wanaohangaika na maziko, na ndio wenye ruhusa ya kumwigiza marehemu, hata kushuka kaburini na kugoma kutoka mpaka walipwe. Sasa muuaji, mdogo wake mwenye nyumba aliyekuwa akiutaka urithi, naye ni mtani wa marehemu. Mila inamdai amchekee mtu aliyemuua kwa bahati mbaya. Ukurasa huu uandikwe polepole, kwa vichekesho vya kweli, waombolezaji wakiwa hoi kwa kicheko na machozi. Kila mtani atanie kwa zamu yake. Mdogo mtu zamu yake ikifika, atoe pole kwa heshima zote, alipe bila kudaiwa, arudi mkekani. Msomaji wa Tabora atashtuka kabla ya mpelelezi.