Kiendeshi: Istilahi Inayoficha Kosa

Katika istilahi za kompyuta zinazotumika sasa, neno kiendeshi limebebeshwa mizigo miwili. Hutaja chombo kinachosoma diski, na papo hapo hutaja programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kifaa kama kadi ya sauti. Cha kwanza hushikika mkononi. Cha pili hakishikiki. Kadi inaponyamaza, mwenye kompyuta husema imeharibika, akanunua nyingine, ilhali kadi ni nzima.

Athari ya mkanganyiko huu si ndogo. Mwaka 2007 Microsoft ilipoanza kuiuza Windows Vista kwa umma, njia ya sauti ilibadilishwa, hata michezo iliyotegemea DirectSound haikuweza tena kuitumia kadi moja kwa moja. Wenye kadi za Sound Blaster, za kampuni ya Creative ya Singapore, wakajikuta madoido ya sauti waliyoyalipia hayasikiki. Hapakuwa na waya uliokatika. Creative ilitoa ALchemy, programu ya kuzigeuza amri za DirectSound ziwe za OpenAL, lakini programu zilizoendesha kadi zenyewe zililalamikiwa sana. Mtu mmoja asiye mwajiriwa wake akazirekebisha na kuwagawia wenziwe. Machi 2008 kampuni ilimtaka hadharani aache, ikishikilia kwamba kuamua kadi ipi ipewe uwezo upi ni haki yake ya kibiashara.

Kauli hiyo ingestahili kusomwa na kila mwanaistilahi. Ndani yake mna ungamo kwamba baadhi ya tofauti baina ya kadi na kadi hazikuwa katika kadi, bali katika programu. Mnunuzi aliyezoeshwa neno kiendeshi ataulizaje kuhusu jambo hilo dukani? Ataonyeshwa kisoma-diski!

Napendekeza programu endeshi, tena itajwe pamoja na kifaa chake: programu endeshi ya kadi ya sauti. Wako watakaosema kwamba istilahi hii inakaribiana mno na mfumo endeshi. Ni kweli, na sioni ubaya: zote mbili ni programu, na ugomvi wa mwaka 2007 ulizuka hasa pale zilipokutana. Ni refu, nakubali. Lakini refu lenye kueleweka ni nafuu kuliko kadi ya pili. Wafasiri wa vijitabu vya maelezo nao waandike programu hiyo inafanya kazi na mfumo endeshi upi, wa toleo gani. Kiendeshi kibaki kwa diski.