Turufu ya Wawili

Kopa, uru, shupaza, pau, hata turufu yenyewe: majina haya tuliyapata kwa Wareno, na hapa Chumbi mcheza karata hana haja ya kufafanuliwa. Katika briji wenzi wawili hunadi kwanza, ndipo turufu ipatikane. Aghalabu hushikwa aina iliyo ndefu. Mimi naipinga desturi hiyo, hasa pale panapoahidiwa slemu, yaani kula mara 12 kati ya 13.

Chukua mfano. Una kopa 5, mwenzio 3. Shupaza mnazo 4 kwa 4. Zote za juu. Uru na pau unazo 2 kila aina, mwenzio 3, na kila aina mna ree yake tu. Kopa ikiwa turufu, mtakula 5, shupaza 4, ree 2: jumla 11. Sasa turufu iwe shupaza. Wapinzani wakiwa wamegawana 3 kwa 2, mizunguko 3 inawamaliza, na kila mmoja wenu anabakiwa na moja. Juu ya kopa zako ndefu mwenzio anatupa pau 2, kisha inayofuata ree anaikata. Jumla 12.

Mwenye kopa 5 huona fahari kuzing'ang'ania. Lakini slemu ikianguka, huenda nayo hata alama ambazo mngezipata kwa ahadi ndogo, na hasara hiyo mwenzi naye huibeba.