Jioni ya Ngano na Nyimbo Ayalandi

Msomaji mpenzi, kuna sanaa zitengenezwazo ili zitazamwe, na kuna sanaa zitengenezwazo ili zishirikiwe. Sanamu ya jiwe husimama pale pale, uikabili au uipe kisogo. Ngano haiko hivyo. Ngano isiyo na msikilizaji ni mbegu iliyomwagwa juu ya mwamba. Kwa kipimo hiki nataka tupime pamoja jioni moja ya ngano na nyimbo za jadi niliyohudhuria katika mkoa wa Clare, magharibi ya Ayalandi, wakati wa baridi. Sitautaja ukumbi wala wasanii, maana nia yangu ni kupima kazi, si kutahayarisha watu.

Walioanza ni wapigaji wanne: wa fidla, wa filimbi ya bati, wa ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi iitwayo bodhrán, na wa zumari iitwayo uilleann. Zumari hii haipulizwi kwa kinywa. Mpigaji huketi, akabana mvukuto kwa mkono, na upepo ukajaza mfuko ulio kwapani; jina lenyewe latokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya kiwiko. Mwaka 2017 UNESCO iliitia sanaa ya zumari hii katika orodha ya urithi wa wanadamu, na mzee tuliyemsikia alistahili heshima hiyo. Uzuri wa muziki huu umo katika uzi mmoja wa sauti, ambao kila urudiwapo hupambwa kwa namna nyingine. Ni kama njia ipitwayo asubuhi na jioni: njia ni ile ile, lakini vivuli vimehama. Kwa bahati mbaya, mpiga ngoma alisahau kuwa yeye ni mfuasi. Alipiga kwa nguvu hata mapambo ya zumari yakazama, na kipaza sauti kikaongeza kosa badala ya kulipunguza.

Kisha akapanda msimulizi, ambaye kwa lugha yao huitwa seanchaí. Alitoa ngano ya Oisín, aliyekwenda na binti aitwaye Niamh katika Nchi ya Ujana. Oisín alidhani amekaa huko miaka 3, kumbe imepita 300. Aliporudi kwao alikuwa ameonywa asishuke katika farasi. Akawaona watu wameelemewa na jiwe, akainama kuwasaidia, ukanda wa tandiko ukakatika, akaanguka. Na mara ile mguso wa ardhi ukamfanya mkongwe. Msomaji, hapo ndipo penye roho ya ngano: mtu aliangamizwa na huruma yake. Hapo palitaka kimya. Msimulizi wetu, akiogopa kimya kama mdeni aogopavyo hodi, alitia mzaha, watu wakacheka, na Oisín akafa bila kuliliwa.

Ningaliondoka wakati huo, hukumu yangu ingalikuwa kali. Lakini shughuli ilipokwisha, wachache tulikaribishwa jikoni, penye moto. Mwanamke mmoja akaimba bila ala yoyote, kwa mtindo wa kale uitwao sean-nós. Hakukunja uso wala kupunga mikono. Alitazama sakafu, wimbo ukapita kwake kama maji katika mfereji. Jirani yake akamshika mkono, akauzungusha polepole mpaka mwisho, kama ilivyo desturi, ili mwimbaji asiwe peke yake ndani ya huzuni ya wimbo. Kisha mtoto akamwuliza msimulizi, “Na farasi je?” Mzee alinyamaza kitambo. Akajibu kuwa farasi alikimbia kurudi baharini, bila mpandaji. Hakuna aliyecheka. Kimya kilichokosekana jukwaani kilipatikana jikoni, nacho kililetwa na swali la mtoto.

Wewe uliyelelewa kwa “Paukwa!” na “Pakawa!” huwezi kushangaa. Wajua kuwa ngano huanza kwa ruhusa ya msikilizaji. Lakini kwa watu wa Ayalandi jambo hili lina uzito wa pekee. Njaa kubwa ya miaka ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni 1, ikafukuza wengine wengi ng’ambo, na pigo lilikuwa zito zaidi upande wa magharibi, kwenye wasemaji wengi wa Kiayalandi. Mwaka 1935 sheria ilitaka kibali kwa ngoma za hadhara, na dansi za majumbani zikafifia. Mwaka huo huo iliundwa tume ya kukusanya ngano kabla wazee hawajazikwa nazo. Miongoni mwa waliosikilizwa ni Peig Sayers wa kisiwa cha Blasket, mwenye hazina ya mamia ya ngano. Habari za maisha yake, alizomtamkia mwanawe azitie katika maandishi, zilichapishwa mwaka 1936, zikafanywa kitabu cha shule. Na wanafunzi wengi wakakichukia! Sauti iliyopendwa motoni ikawa mzigo katika mtihani.

Je, tuseme kuwa jukwaa ni adui? La. Éamon Kelly, msimulizi aliyefariki mwaka 2001, alizipeleka ngano katika majumba ya michezo bila kuzivunja, kwa kuwa aliwaketisha watazamaji kana kwamba wapo nyumbani kwake. Chama cha wanamuziki kilichoanzishwa mwaka 1951 kimewafunza vijana wengi. Bila jukwaa, zumari ya mzee yule huenda ingalinyamaza zamani. Kosa la jioni ile halikuwa mbao za jukwaa, bali woga wa kumwamini msikilizaji. Walitufanya wateja wa kuchekeshwa, na mteja hana la kuuliza.

Basi hukumu yangu ni hii: zumari ilikuwa bora, ngoma ilipita kiasi, ngano ilijeruhiwa jukwaani ikapona jikoni. Na kwako, msomaji, nina ombi moja. Siku mkongwe wa nyumbani kwenu atakapoanza kusimulia, usikae kama mtazamaji. Uliza habari za farasi.