UHAKIKI: SAA YA KISWAHILI NDANI YA KOMPYUTA

Safari hii hatuhakiki riwaya wala diwani. Tunahakiki maktaba ya programu iitwayo ICU, pamoja na hazina ya data za lugha, CLDR, inayotunzwa na Unicode Consortium. Simu na vivinjari vingi hutegemea hazina hiyo kupanga tarehe, tarakimu na saa katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Kwa hiyo hicho nacho ni Kiswahili kinachosomwa kila siku, tena na watu wengi kuliko wasomao vitabu vyetu.

Upande wa tarehe kazi imefanywa vizuri. "Ijumaa, 15 Machi 2024" ni Kiswahili kisicho na kasoro. Tarakimu nazo zimefikiriwa: kwa Kenya huandikwa 1,234.5, na kwa Kongo 1.234,5 kama wafanyavyo waliosomea Kifaransa. Kiasi kikifupishwa, neno hutangulia: "elfu 5", wala si "5 elfu". Aliyeandika hapo ni mwenye lugha.

Tatizo ni saa. Maktaba ina majina ya vipindi vya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Programu ikiomba saa pamoja na kipindi, hutoa tarakimu za Kizungu na kuzibandika neno la Kiswahili. "8:00 asubuhi" itamshangaza msomaji, lakini atahisi kosa, kwani saa nane haiwi asubuhi. Hatari iko usiku. Saa mbili usiku huandikwa "8:00 usiku", na kwa Mswahili hiyo ni saa nane usiku, watu wamelala. Saa nane yenyewe huandikwa "2:00 usiku". Yote mawili yanasomeka sawasawa, na yote mawili ni uongo. Abiria wa basi la usiku kutoka Kampala kwenda Nairobi ataachwa kituoni bila kujua amekosea nini. Na jambo hili si la Waswahili peke yao: Waganda na Wanyarwanda pia huhesabu saa kuanzia mapambazuko.

Cha ajabu, hazina hiyohiyo imeita adhuhuri "saa sita za mchana". Yaani mfasiri alihesabu Kiswahili, mashine ikahesabu Kizungu, ndani ya jedwali moja! Simlaumu mfasiri. Herufi za kupangia saa katika mfumo huo (h, H, k na K) zote huanza kuhesabu usiku wa manane au adhuhuri. Hakuna herufi ya kuhesabu kuanzia saa kumi na mbili, kwa hiyo hata angetaka, hakuwa na mahali pa kuiandika.

Umoja na wingi una kanuni mbili tu, na zinatosha ikiwa mtunga programu ataandika sentensi nzima kwa kila hali: "kitabu 1 kipya", "vitabu 3 vipya". Akiunga vipande, ngeli zitamwumbua.

Kwa wanafunzi wetu wanaotengeneza programu: tumieni mpangilio wa saa 24, 20:00, ambao hauna utata. Mkitaka saa ya Kiswahili, ondoeni sita kwenye tarakimu za saa peke yake. Wapo wanaorudisha nyuma majira yote kwa saa sita. Hao, ikifika saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, programu yao bado huandika Ijumaa.