Ufa wa Elimu: Hoja za Snow na Leavis

Tarehe 7 Mei 1959, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, C. P. Snow alitoa mhadhara juu ya tamaduni mbili za wasomi. Jambo lenyewe halikuwa geni. Katika mfululizo huo huo wa mihadhara, mwaka 1882, Matthew Arnold alikuwa amenena juu ya fasihi na sayansi akimjibu T. H. Huxley. Lakini Snow alikuwa na haki ya pekee ya kusema, kwa kuwa alisomea sayansi Cambridge, kisha akawa mtunzi wa riwaya.

Dai lake ni kwamba wataalamu wa fasihi na wataalamu wa sayansi wamekuwa mafungu mawili yasiyosikilizana, na kila fungu lauona ujinga wa mwenzake bila ya kuuona wake. Kipimo chake kilikuwa swali moja. Wasomi wa fasihi walipowacheka wanasayansi kwa kutosoma vitabu, Snow aliwauliza ni nani awezaye kueleza kanuni ya pili ya thamodinamiki. Jibu halikupatikana. Kwake, swali hilo lalingana na kumwuliza mtu kama amepata kusoma kazi ya Shakespeare.

Mfano huu wavutia, lakini mizani yake haikukaa sawa. Kanuni hiyo yaweza kusemwa kwa maneno machache: joto halihami lenyewe kutoka kitu cha baridi kwenda kitu cha moto. Atakayeikariri sentensi hiyo hajawa mwanafizikia, kama vile aliyehadithiwa habari za Hamlet hajawa msomaji wa Hamlet. Swali la Snow lapima habari zilizosikiwa, halipimi elimu.

F. R. Leavis, mhakiki wa fasihi, alijibu mwaka 1962 katika chuo cha Downing, hapo hapo Cambridge. Ukali wake ulipita kiasi, hata akamkana Snow kuwa ni mtunzi wa riwaya. Watu wakayashika matusi, wakaiacha hoja. Hiyo ni hasara, maana hoja ilikuwa nzito: kabla ya sayansi kuwapo, wanadamu walikwisha kufanya kazi nyingine kwa ushirikiano, nayo ni kuuumba ulimwengu wa kibinadamu pamoja na lugha. Bila ya msingi huo sayansi isingepata pa kusimama.

Hata hivyo, Leavis hakulipa haki yake jambo lililo zito kupita yote katika mhadhara wa Snow, yaani umaskini. Snow aliamini kwamba sayansi ingeliziba pengo baina ya mataifa tajiri na maskini, na kwamba pengo hilo halingefika mwaka 2000. Mwaka huo ulipita, na pengo lipo. Hesabu ilikosewa, haja haikukosewa.

Liko jambo ambalo wote wawili hawakulihesabu: waligombana kwa lugha moja, lugha waliyolelewa nayo. Katika Tanzania mambo ni mengine. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa sayansi kwa Kiswahili. Afikapo sekondari, na baadaye chuo kikuu, huikuta kwa Kiingereza. Kiswahili chabaki kuwa somo miongoni mwa masomo ya sanaa. Ufa ambao Snow aliuona baina ya wasomi na wasomi hapa wapita ndani ya mwanafunzi mmoja.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, yathibitisha kwamba uhaba wa maneno si kikwazo kisichoondoka. Lakini kamusi ni ghala, na mbegu ya ghalani haioti mpaka itiwe shambani. Ikiwa Leavis alisema kweli kwamba lugha ni msingi wa sayansi, basi haja ya Snow haiwezi kutimizwa kwa kuiacha lugha ya watu nje ya maabara. Mchunguzi wa Kiswahili hana ng'ambo yake mtoni. Kazi yake ni daraja.