Mgeni mbele ya Tsechu ya Paro
Kule Paro, katika inchi ya Bhutan, sikukuu ya Tsechu inadumu siku tano. Siku ya mwisho, mbele ya jua kutoka, watawa wanatundika kitambaa kikubwa sana, thongdrel, chenye sura ya Padmasambhava. Kwa Wabudha wa kule, kukiona tu kunaondoa zambi. Kisha wanakikunja, miali ya jua isikiguse. Na mgeni je? Anakipa mgongo apigwe foto! Siye, ambao maski zetu ziko Tervuren ndani ya vioo, bila ngoma wala mchezaji, hatuwezi kuita ile kuona. Afazali atsara, mchekeshaji mwenye maski nyekundu: yeye anamtania mgeni, anamwingiza katika mchezo.