Mcheza Kwao Hutuzwa: Ni Nani Amtuze Mwandishi wa Kiswahili?

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika walikusanyika katika Chuo cha Makerere, Kampala, na uwanja ulikuwa wetu sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Walifika Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo wa Nigeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika ya Kusini, na wengine wengi. Ngugi wa Thiong'o, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, alimpatia Achebe muswada wa riwaya yake ausome. Lakini mkutano wenyewe uliitwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Kwa jina hilo tu mlango ulikwisha fungwa. Shaaban Robert, ambaye Kusadikika yake ilikuwa imechapishwa tangu mwaka wa 1951, hakuwa na sifa ya kualikwa. Mwezi huo huo akafariki dunia. Ngugi mwenyewe, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu siasa ya lugha katika fasihi ya Kiafrika, ameikumbusha aibu hiyo.

Makusudio ya makala haya si kuwalaumu waliokutana Makerere. Shabaha yetu ni kuvipima vyombo vilivyojitolea kumsaidia mwandishi wa Kiafrika, yaani majarida, wachapishaji na tuzo, kwa kipimo kimoja: je, chombo hicho kilimpatia mwandishi wasomaji wa kwao?

Tuanze na jarida la Transition, lililoasisiwa Kampala mwaka wa 1961 na Rajat Neogy, mzaliwa wa mji huo. Hapana shaka kwamba jarida hilo lilikuwa na ujasiri. Mwaka wa 1963 lilichapa makala ya Obi Wali wa Nigeria, aliyedai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea mahali pasipo na njia. Mshale huo ulilielekea jarida lenyewe, maana nalo liliandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo mhariri aliuchapa. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya chombo chema: kumpa nafasi anayekipinga.

Lakini ni nani aliyelipa gharama? Jarida hilo, pamoja na ule mkutano wa Makerere, yalisaidiwa na Baraza la Uhuru wa Utamaduni lenye makao Paris. Katika miaka ya 1966 na 1967 ilidhihirika kwamba baraza hilo lilikuwa likipokea fedha za shirika la ujasusi la Marekani. Haikuthibitika kwa hilo kwamba waandishi walikuwa vibaraka. Wengi wao hawakuyajua. Lakini anayelipa mpiga zumari kwa siri humtia mashaka hata mpigaji asiye na hatia. Upande wa pili nako hakukuwa na salama. Mwaka wa 1968 Neogy alitiwa kizuizini na serikali ya Uganda, pamoja na mbunge Abu Mayanja, ambaye barua yake ya kuikosoa katiba ilichapishwa jaridani. Baada ya kuachiliwa, jarida lilihamia Ghana, likakoma mwaka wa 1976, kisha likafufuliwa Marekani mwaka wa 1991. Lililozaliwa Kampala halikufufukia Kampala. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba wasomaji wake wa nyumbani walikuwa tabaka jembamba mno kuweza kulilea wao wenyewe.

Ukililinganisha jarida hilo na Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka wa 1948, utaona mambo ya kustaajabisha. Shirika hilo lilikuwa mtoto wa serikali za kikoloni, nalo lilipenda zaidi vitabu vya kumwelekeza msomaji kuliko vya kumsumbua. Halikuwa na umaarufu wa Transition. Lakini kwa kuwa lilichapa kwa lugha za wenyeji, lilidumu hadi likamtoa Euphrase Kezilahabi: Rosa Mistika ilichapishwa nalo mwaka wa 1971. Riwaya hiyo iliwahi kukatazwa mashuleni Tanzania, na baadaye ikaja kufundishwa humo humo. Mabishano hayo yaliwezekana kwa sababu wazazi, walimu na wanafunzi waliweza kuisoma. Shirika lenyewe halikuokoka Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977.

Atatokea msomaji aseme kwamba Kiingereza kilimpeleka Achebe mbali. Ni kweli. Lakini hata yeye alizidi kutufaa alipovaa kanzu ya Kiswahili katika Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka wa 1973. Abdilatif Abdalla naye alimtafsiri Ayi Kwei Armah wa Ghana, kitabu kikaitwa Wema Hawajazaliwa. Kwa tafsiri kama hizo, mgeni hugeuka jirani.

Ama kuhusu tuzo, Abdilatif huyo huyo ni mfano wa kutosha. Alifungwa kwa kijitabu cha kuihoji serikali ya Kenya, na gerezani akatunga Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka wa 1973. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye utawala wake ulimfunga mshairi. Tuzo nzuri basi ni ile inayoitazama kazi bila ya kumwogopa mtu. Tuzo ya Noma, iliyoanza kutolewa mwaka wa 1980 kwa fedha za mchapishaji wa Kijapani, ilizipokea lugha za Kiafrika, na mwaka wa 1984 kitabu cha Kikuyu cha Gakaara wa Wanjau kilikuwa miongoni mwa washindi wawili; lakini ilikoma mwaka wa 2009. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati na Chuo Kikuu cha Cornell ilianzishwa mwaka wa 2014, nayo imewaleta mbele waandishi wapya. Tunaishukuru. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba tuzo hudumu kwa kadiri ya mfuko wa mfadhili.

Mfuko usiokauka ni msomaji, na msomaji huanzia darasani. Hapa hatuna budi kujilaumu wenyewe. Walimu wengi tunasoma vitabu vya kutahiniwa tu. Mchapishaji akiona hivyo, huchapa vya kutahiniwa tu. Na mwandishi chipukizi hubaki na muswada wake sandukuni. Katika nchi zetu jirani, ambako wanafunzi wengi hawakuzaliwa na Kiswahili, hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwani mwanafunzi huweza kudhani kwamba lugha hii ni ya mtihani peke yake.

Basi kila mwalimu na asome na darasa lake, walau mara moja kwa muhula, kitabu kimoja kisicho cha mtihani, na aandike uhakiki wake katika kurasa kama hizi, akisifu panapostahili na kukosoa panapostahili. Kazi hiyo haingoji mfadhili wa Paris wala idhini ya waziri. Shaaban Robert hakualikwa uwanjani Makerere. Walimu waliomsomesha darasani ndio waliomtuza.